Lini “can”, lini “may”, na “often” ikae wapi: jibu kwa afisa ugani wa Makete

Swali limetoka kwa afisa ugani anayefanya kazi katika vijiji vya juu vya Wilaya ya Makete, mkoani Njombe. Ameandika hivi: “Shikamoo Mwalimu. Kila mwezi huandika taarifa ya Kiingereza kwa wafadhili wa mradi wetu wa viazi mviringo. Taarifa yangu ya mwisho ilirudishwa ikiwa imepigwa mistari myekundu chini ya maneno ‘can’, ‘may’ na ‘often’, bila maelezo yoyote. Sentensi zenyewe ni hizi: ‘Frost can come next week. Frost may often damage potatoes in June and July. Late blight can be often seen during the rains. Lorries often cannot reach the farms.’ Naomba unisaidie mambo matatu. Nitumie ‘can’ wakati gani na ‘may’ wakati gani? ‘Often’ ikae wapi? Na je, ni kosa kuandika ‘may possibly’, ikiwa maneno yote mawili yana maana ya labda?”

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mistari myekundu isiyo na maelezo, kwa kuwa masahihisho ya namna hiyo humwacha mwandishi na woga bila kumwongezea ujuzi. Aliyekusahihisha alikuwa na haki katika sentensi mbili za mwanzo, alikuwa na hoja ndogo katika ya tatu, na katika ya nne hakuwa na haki hata kidogo, maana sentensi hiyo ni sahihi na inasema hasa kile ulichokusudia. Nitazifuata kwa mpangilio wako, ila nitakaa zaidi kwenye ya kwanza na ya pili, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Sentensi ya kwanza, “Frost can come next week”, imezaliwa na kitenzi chetu “weza”. Mtu wa Makete akisema “jalidi inaweza kuanguka wiki ijayo”, hakuna atakayemkosoa, kwa kuwa “inaweza” ya Kiswahili hubeba mambo mawili kwa mara moja: sifa ya kitu kinachosemwa, na mashaka ya mtu anayesema. Waingereza wameyatenga mambo hayo. “Can” hueleza jinsi jambo lilivyo kwa jumla, yaani kile ambacho hutokea nyakati fulani kwa kuwa maumbile ya kitu, ya mahali au ya msimu yanakiruhusu kitokee. “May”, “might” na “could” hueleza kwamba msemaji hajui kama tukio fulani, moja, ni la kweli au litakuwa la kweli. Sasa, wiki ijayo ni wiki moja tu. Jalidi itaanguka au haitaanguka, na wewe leo hujui. Huo ni upungufu wa habari ulizonazo, si tabia ya nchi, na ndiyo maana Mwingereza ataandika “Frost may come next week”, au “might come”, au “could come”, lakini hataandika “can come”. Ukibadilisha sentensi ikawa “Frost can come as early as May”, hapo “can” imefika nyumbani kwake, kwa sababu husemi tena habari za wiki moja bali tabia ya uwanda wa juu ambako kuna miaka jalidi huwahi na kuna miaka huchelewa.

Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji kitabu, maana Kiswahili chenyewe, ukikitumia kwa uangalifu, kinaijua tofauti hii. Kabla hujaandika, itamke sentensi yako kwa Kiswahili mara mbili, kwanza kwa “huweza”, kisha kwa “huenda”. “Jalidi huweza kuanguka mwezi Mei” inakubalika bila taabu, na “can” inafaa. “Jalidi huweza kuanguka wiki ijayo” inagoma, sikio lako linaikataa, kwa kuwa kiambishi “hu-” kinadai mambo ya mazoea na wiki ijayo haina mazoea. Sema badala yake “huenda jalidi ikaanguka wiki ijayo”, na mara moja unajua kwamba Kiingereza chake ni “may”, “might” au “could”. Kipimo hiki nakithamini kuliko yale majedwali yanayompangia kila kitenzi asilimia yake, “may” juu ya “might” na “might” juu ya “could”, kana kwamba msemaji hupima mashaka yake kwa mizani kabla ya kufungua kinywa. Katika mazungumzo ya kila siku, Waingereza na Wamarekani wengi hutumia “might” palepale ambapo maandishi rasmi huweka “may”, na tofauti ya nguvu kati ya viwili hivyo mara nyingi ni ndogo mno kuweza kupimwa.

Kuna jambo jingine kuhusu “can” ambalo ni zuri kulifahamu kwa kina, kwa kuwa ndilo linalounganisha kitenzi hiki na vielezi vya marudio. “Can” ya aina hii tayari ina hesabu ndani yake. Anayesema “Kitonga can be dangerous” hasemi kwamba mteremko ule wa Iringa ni wa hatari saa zote, wala hasemi kwamba hajui kama ni wa hatari. Anasema kwamba zipo nyakati, kama vile mvua inaponyesha au lori linapofeli breki, ambapo ni wa hatari. Kwa maana hiyo sentensi yake iko karibu sana na “Kitonga is sometimes dangerous”. Wakati mwingine kinachohesabiwa si nyakati bali vitu. “Potatoes can be red” maana yake ni kwamba viazi vingine huwa vyekundu. Hakuna kiazi kinachokuwa chekundu asubuhi na cheupe jioni. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kukishika kiazi kimoja mkononi ukasema “This potato can be red”. Kiazi kimoja kina rangi moja, hakina nyakati wala wenzake wa kuhesabiwa, na “can” inabaki bila kazi. Lakini kuhusu mwanafunzi mmoja unaweza kusema “He can be lazy”, maana uvivu huja na kuondoka, ingawa huwezi kusema “He can be tall”. Ukilishika hili, utaelewa kwa nini “can” hupatana kwa urahisi na “sometimes”, “often”, “occasionally” na “usually”: hesabu ilikwishakuwemo, na kielezi kinakuja tu kusema kama nyakati hizo ni nyingi au ni chache.

Nikumbushe pia, kwa kifupi, kwamba kanuni ya “can” kutosemea tukio moja hulegea katika ukanushi na katika maswali. Ukiona weupe shambani saa sita mchana, jua likiwa kali, unaweza kusema “That can't be frost”, na hapo unatoa hukumu juu ya tukio moja unaloliona, vilevile unaweza kuuliza kwa mshangao “Can that be frost?” Katika sentensi ya kawaida isiyo na ukanushi wala swali, usiitumie hivyo.

Sasa sentensi ya pili, “Frost may often damage potatoes in June and July”. Hii haina kosa la sarufi, na wapo wazungumzaji wa Kiingereza watakaoisoma bila kusita. Tatizo lake ni kwamba ina milango miwili. Msomaji wa kwanza ataielewa hivi: huenda jalidi huharibu viazi mara nyingi, lakini mwandishi hana uhakika. Katika usomaji huo mashaka yako juu, na “often” iko chini yake. Kisichojulikana ni wingi wenyewe wa uharibifu. Msomaji wa pili ataielewa hivi: mara nyingi jalidi huweza kuharibu viazi, na mwandishi analijua hilo vizuri. Katika usomaji huu wingi uko juu, na uwezekano uko chini yake. Mfadhili anayesoma akiwa mbali, asiyewahi kuiona Kitulo asubuhi ya mwezi Julai, hana njia ya kujua ni mlango upi uliokusudia apite. Akipita wa kwanza, atadhani hamjafanya uchunguzi.

Milango hiyo miwili ina historia yake. Katika Kiingereza cha kale, “may” kilikuwa kitenzi cha nguvu na uwezo, na “can” kilikuwa kitenzi cha kujua. Kadiri karne zilivyopita, “can” kiliiteka kazi ya uwezo, na “may” kikabaki na ruhusa pamoja na mashaka. Hata hivyo maandishi rasmi, hasa ya sayansi, tiba na sheria, hayakuiachia kabisa kazi ya zamani. Ndiyo sababu kwenye vikasha vya dawa husoma “may cause drowsiness”, na maana yake si kwamba mtengenezaji hajui kama dawa yake huleta usingizi. Anajua kwamba huwaletea baadhi ya watu. Hapo “may” inafanya kazi ya “can” ikiwa imevaa nguo za ofisini. Katika vitabu vya kilimo utakuta sentensi kama “Late blight may occur wherever nights are cool and leaves stay wet”, nayo ni kauli ya tabia ya ugonjwa, si ya shaka. Kwa hiyo wewe uliyesoma vitabu hivyo hukukosea kuiga. Ulichokipata ni desturi ya kweli ya maandishi ya kitaalamu. Ila desturi hiyo ni salama pale ambapo hakuna kielezi cha marudio kando yake. “Often” inapoingia, msomaji hulazimika kuamua kipi kinakitawala kingine, na ni wajibu wa mwandishi kumwondolea kazi hiyo.

Unaiondoaje? Jiulize kwanza kama unajua. Wewe ni afisa ugani. Una daftari la mashamba unayoyatembelea, umeona majani ya viazi yaliyogeuka meusi kama yaliyochemshwa baada ya usiku mmoja wa jalidi, na wakulima wamekueleza misimu waliyoipoteza. Ikiwa kumbukumbu zako zinaonyesha kwamba uharibifu hutokea mara nyingi katika miezi hiyo, andika bila kitenzi kisaidizi chochote: “Frost often damages potatoes in June and July”. Hapa nasema kwa msisitizo, kwa kuwa ni udhaifu ninaouona katika taarifa nyingi zinazoandikwa na vijana wetu wenye ujuzi halisi: wanadhani kwamba kuongeza “may” na “can” ni adabu ya kisomi, kumbe wanaufunika ushahidi walioutafuta kwa miguu yao. Kielezi “often” peke yake kimekwisha kuacha nafasi ya miaka ambayo jalidi haikuharibu kitu. Hakuna haja ya kuiacha nafasi hiyo mara ya pili.

Ikiwa unachotaka kukisema ni kwamba mazingira ya hatari hujitokeza mara nyingi, hata kama si kila mara yanaleta hasara, basi “can often” ndiyo yenyewe, na itakuwa na nguvu zaidi ukitaja sharti: “On low ground, where cold air collects, frost can often damage potatoes even when the slopes above are untouched”. Hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama mabondeni, na sentensi hiyo inamweleza msomaji kwa nini shamba la bondeni hupigwa huku la mlimani likisalimika. Na ikiwa kweli hujui jinsi uharibifu unavyojirudia, kwa mfano katika kijiji kipya ambacho mradi umekiingia mwaka huu, yaseme mashaka hayo waziwazi na uyatenge na wingi: “It is possible that frost damage is frequent here”. Sentensi hiyo haina uzuri wa mapambo, lakini ina mlango mmoja tu.

Vielezi vingine havifanani na “often” katika ushirika wao na vitenzi hivi. “Can sometimes” wengine huiita marudio yasiyo na faida, kwa kuwa “can” tayari ina “sometimes” ndani yake. Mimi siikatai, kwa sababu Waingereza wenyewe huitumia kila siku, na “sometimes” humsaidia msomaji asiichukue “can” kuwa ya uwezo au ya ruhusa. “Can usually” ni ya kawaida, wakati “may usually” husikika kwa nadra na haipendezi. “Can always” inahitaji tahadhari, maana mara nyingi haihesabu nyakati kabisa, bali humwonyesha mtu njia iliyobaki wazi. Mkulima aliyepoteza mbegu akiambiwa “You can always plant beans instead”, hashauriwi kupanda maharage maisha yake yote. Anaambiwa kwamba akitaka, njia hiyo ipo. “Can never” na “may never” zimetengana kama milima miwili: “The crop can never recover” ni hukumu kwamba zao haliwezi kupona kamwe, na “The crop may never recover” ni hofu kwamba huenda lisipone. Katika taarifa inayoomba mbegu za dharura, tofauti hiyo ina thamani ya fedha.

Kuhusu “will”, utakutana nayo pia katika mambo ya mazoea, nayo haisemi habari za wakati ujao. “Cold air will often settle in the valleys” maana yake ni kwamba hewa baridi ndivyo ifanyavyo mara nyingi, na ina uhakika zaidi kuliko “can often”. Kuna na “tend to”, kitenzi cha kawaida kisicho kisaidizi, ambacho kwa taarifa za kilimo ni rafiki mwema kwa sababu hutaja mwelekeo bila kuapa: “Cold air tends to settle in the valleys”.

Sentensi yako ya tatu ni suala la mpangilio tu. Kielezi cha marudio cha neno moja, kama “often”, “always”, “rarely” au “sometimes”, hukaa baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza. Kwa hiyo “Late blight can often be seen during the rains”, si “can be often seen”. Hata vitenzi visaidizi vikiwa vitatu, kanuni ni ileile: “The disease may often have been mistaken for frost damage”. Pasipokuwa na kitenzi kisaidizi, kielezi hutangulia kitenzi kikuu, kama nilivyoandika juu, “Frost often damages”, isipokuwa kitenzi “be”, ambacho kielezi hukifuata, kama katika “Kitonga is sometimes dangerous”. Mpangilio wako, “can be often seen”, unaeleweka na wala haupotoshi maana, lakini unasikika kama hatua iliyopotea mdundo. Unaweza pia kusikia “Late blight often can be seen”, hasa kwa Wamarekani au pale msemaji anapotaka kuikazia “often”. Usiiogope ukiisoma, ila katika maandishi yako shikilia ile ya kwanza. “Sometimes” huweza kuanza sentensi bila kuvuruga chochote. “Rarely” na “seldom” zikianza, Kiingereza hugeuza mpangilio na kukitanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya kiima: “Rarely can a lorry pass here in March”. Ni mtindo mzito, unafaa mara moja katika kurasa nyingi.

Sentensi ya nne inastahili kutetewa. “Lorries often cannot reach the farms” inasema kwamba mara nyingi malori hayawezi kufika mashambani, na barabara zenu za udongo zikilowa wakati wa masika, hiyo ndiyo hali. Nashuku kwamba aliyekusahihisha ameishika kanuni ya “baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza” kwa ukali na akataka iwe “Lorries cannot often reach the farms”. Angalia maana inavyogeuka. Katika sentensi yako, “often” imesimama nje ya ukanushi na inahesabu siku za kushindwa: siku za kushindwa ni nyingi. Katika ile nyingine, “often” imemezwa na ukanushi, na kinachokanushwa ni wingi wa siku za kufika: si mara nyingi malori hufika, yaani hufika kwa nadra. Ya kwanza inaruhusu kwamba huenda malori hufika nusu ya siku zote. Ya pili hairuhusu. Kwa vielezi vyenye ukanushi kando yao, nafasi ya kielezi ndiyo inayotoa maana, na kanuni ya mpangilio lazima ikubali kupisha. Ndivyo ilivyo pia kwa “always”. “Lorries cannot always reach the farms” ni kusema kwamba zipo siku hayafiki, bila kusema ni nyingi au chache, na ni kauli ya kiasi inayofaa sana pale ambapo hukuhesabu.

Kwa kuwa tuko kwenye malori, jihadhari na “may not”. “Lorries may not reach the farms this week” itasomwa vizuri kuwa huenda yasifike. Lakini “Lorries may not use this road” itasomwa kuwa ni marufuku kwa malori kuitumia barabara hii, kwa sababu “may” bado inashikilia kazi yake ya ruhusa, na kitenzi kinachotaja kitendo cha hiari ndicho kinachoivuta upande huo. Ukiona hatari ya kusomwa hivyo, tumia “might not”, ambayo hukwepa maana ya katazo.

Hukuuliza kuhusu wakati uliopita, lakini taarifa zako zitaufikia siku moja, hivyo niseme machache. “Can” ya tabia ikirudi nyuma huwa “could”: “Before the highway was tarred, the journey from Mbeya to Dar es Salaam could take several days in the rains”. Hapo “could” si ya mashaka. Inasema kwamba zipo safari zilizochukua siku kadhaa. Ukitaka kusema kwamba jambo lilijirudia kwa mazoea, “would often” ndiyo inayotumika: “Farmers would often carry the sacks to the main road themselves”. Na “might” katika nafasi hiyo, kama “A farmer might often wait a whole day for a lorry”, ni ya masimulizi ya kitabuni. Inapendeza katika kumbukumbu za wazee, haifai katika taarifa ya mradi.

Nafika kwenye swali lako la mwisho. “May possibly” si kosa. Ni kweli kwamba maneno yote mawili yana uwezekano ndani yake, lakini Kiingereza, kama Kiswahili kinaposema “labda huenda”, hukubali maneno mawili ya shaka moja yakaandamana, na msomaji huyasikia kama shaka hiyohiyo iliyotiwa mkazo, si kama shaka mbili zilizozidishana. Matokeo yake ni kwamba uwezekano unaonekana mdogo zaidi. “May possibly” humwambia msomaji kwamba jambo halitarajiwi sana. Kinyume chake ni “may well”, ambayo humwambia kwamba jambo linatarajiwa, na “may easily” au “could easily”, ambazo humwonya kwamba halihitaji sababu kubwa ili litokee. “Can possibly” usiiandike katika kauli ya kawaida. Mahali pake ni katika ukanushi, “They cannot possibly arrive today”, ambapo “possibly” huufunga mlango kabisa. Angalia pia usichanganye “maybe”, neno moja, ambalo ni kielezi na hukaa mwanzoni mwa sentensi, na “may be”, maneno mawili, ambayo ni kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. “Maybe frost will come” na “The damage may be serious” ni sahihi zote mbili, kila moja kwa tahajia yake.

Kwa taarifa yako ya mwezi huu, basi, uamuzi kati ya “may possibly” na “may well” utategemea ulichonacho mkononi. Ikiwa ni hisia tu kwamba anga limekuwa jeupe na usiku umekuwa mtulivu, “Frost may come next week” inatosha bila kuongezewa neno. Ikiwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekwisha kutoa tahadhari ya baridi kali kwa Nyanda za Juu Kusini, ukiandika “may possibly” utaipunguzia tahadhari hiyo uzito mbele ya watu wanaopaswa kuamua kama watatuma nyasi za kufunikia mashamba au hawatatuma. Andika “Frost may well come next week”, na katika sentensi inayofuata utaje tahadhari yenyewe na tarehe iliyotolewa.